Neno Lililoacha Nusu Yake Njiani

"Mama, leo nakuomba kitu kimoja tu," Mallye alisema, akimfunga mama yake utepe wa hanbok, vazi lao la heshima, kifuani. "Tukifika mezani, usitaje mising."

Mama yake alidhani anataniwa. "Nisitaje? Kijiji kizima kinajua binti yangu ni fundi wa mising Seoul. Mwenyekiti wa kijiji anajua, na mbwa wake anajua. Sasa wakwe zangu ndio wasijue?"

"Watajua, mama. Ila si leo."

"Wao wanadhani unafanya kazi gani?"

"Wanadhani nasoma. Ubunifu wa mavazi, chuoni."

Mama alimtazama bintiye. Alikuwa amepanda treni jana asubuhi kutoka Boseong, miguu imemvimba, na kwenye furushi lake mlikuwa na uyoga mkavu na mafuta ya ufuta katika chupa ya pombe iliyozibwa kwa karatasi. Zawadi za wakwe hizo, na alikuwa amezipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

"Unampenda huyo kijana?"

"Nampenda mpaka najionea aibu."

"Haya basi. Mdomo nimeufunga."

Mallye aliufungua ule utepe akaufunga upya, ingawa ulikuwa umekaa vizuri tangu mwanzo.

Mising ni cherehani. Ndivyo kila fundi wa Seoul alivyoiita mwaka ule wa 1976, na neno hilo ndilo lililomleta Cha Inseop mbele yake. Alikuja majira ya machipuko na mkoba uliojaa kadi, akaingia karakana ya ghorofani sokoni huku ameinama, kwa kuwa dari lilikuwa chini na yeye alikuwa mrefu. Alitoka ofisi ya kamusi. Alitumwa kukusanya maneno ya mafundi, majina ya mikasi, ya mapindo, ya vifungo. Akapita katikati ya mashine zinazonguruma, akasimama kwenye ile ya Mallye na kuigusa kwa kidole kimoja.

"Samahani, dada. Hii mnaiitaje?"

"Mwalimu, hujawahi kuiona? Hizo nguo ulizaliwa nazo?"

Karakana nzima iliangua kicheko. Inseop akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini aliandika. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa akarudi tena, na mafundi wenzake Mallye wakaanza kuulizana kwa sauti ya juu ni maneno mangapi hasa yanayoishi kwenye mashine moja.

Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, walikaa kwenye ngazi. Mallye alimgawia kimchi, kabichi ya pilipili iliyochachuliwa, kutoka kwenye kopo lake, naye akamsimulia neno lilikotoka.

"Waingereza ndio walioanza nalo," alisema. "Waliiita mashine ya kushonea. Ilipofika Japani watu wakaliona jina refu. Wakaacha kushonea, wakabaki na mashine, wakaitamka kwa namna yao, mishin. Ikavuka bahari kuja kwetu, na sisi tukaitamka kwa namna yetu."

"Kwa hiyo kushona kuliachwa njiani?"

"Kuliachwa njiani. Neno lilifika hapa likiwa nusu."

Mallye alifikiri kidogo. Kisha akainua mikono yake miwili, yenye vialama vya sindano kwenye ncha za vidole. "Hakukupotea, Mwalimu. Kuko hapa. Tangu nina miaka kumi na sita nashona."

Kalamu ilikuwa mkononi, kadi ilikuwa gotini, lakini Inseop hakuandika. Aliitazama ile mikono, kisha akamtazama mwenye mikono, na kwa mtazamo huo wote wawili wakawa wamekwisha.

Msishangae kwamba msichana mwenye ulimi mkali namna ile alianguka mara moja. Alikuwa amefika mjini miaka saba nyuma. Katika miaka hiyo watu walikuwa wamempa amri, wamempa namba, wamempa vitambaa vya kumaliza kabla ya Jumamosi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kitu halafu akaliandika jibu lake. Inseop aliandika. Jumapili ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, siku ambazo karakana ilifungwa, walitembea pamoja hadi viatu vikawauma, yeye akimsomea kadi zake na Mallye akimsahihisha pale mafundi wanaposema vingine. Mwezi wa tisa alimwomba wafunge ndoa. Mallye alilia, akacheka, akakubali, kwa mpangilio huo huo.

Na siku moja kabla ya wazazi kukutana, kwenye duka la chai, Inseop alikuwa amemwonyesha kadi ya mising ikiwa imekamilika. Uingereza ilikuwepo, Japani ilikuwepo, safari yote ilikuwepo. Mwishoni palichorwa mshale mdogo, na mbele ya mshale neno jingine, jaebongteul.

"Hili ni nini?"

"Ndilo neno letu safi la cherehani. Wakubwa wa ofisi wameamua. Msomaji akikuta mising, anaelekezwa aende kule."

"Mimi sijawahi kumsikia fundi akilisema."

"Wataanza kulisema."

"Kwa hiyo umeniuliza neno miezi saba yote ili ulifukuze?"

Inseop alicheka, lakini macho yake yalikuwa yamekimbilia kwenye kikombe. Hapo ndipo alipomweleza lile jambo la chuo. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba Mallye ni mwanafunzi. Ni kwa siku moja tu, alisema, mpaka wazazi wakutane na mambo yakae sawa. Kwa sababu alimpenda, Mallye akajikaza, akasema sawa.

Mama yake Inseop, Bi Yun, alikuwa mjane na mwalimu mstaafu wa lugha. Alikuwa amefika kabla yao, ameketi wima sakafuni kwenye chumba cha mkahawa huko mtaa wa Insa, nywele nyeupe zimebanwa nyuma. Inseop alikuwa kando yake, na tai iliyomkaba. Wazazi waliinamiana. Mama Mallye aliweka furushi lake mezani kwa mikono miwili, na Bi Yun alilipokea kwa mikono miwili, akainusa ile chupa ya ufuta, akafumba macho.

"Hii imesindikwa nyumbani."

"Mimi mwenyewe, mama."

"Harufu hii sijaipata tangu mama yangu alipofariki. Ahsante, Mama Mallye."

Mallye alishusha pumzi. Chini ya meza Inseop alimgusa kidole, na kwa dakika kumi zilizofuata aliamini kwamba furaha inawezekana. Sahani zililetwa, samaki wa mvuke, tambi, mboga za namna saba. Bi Yun alimchambulia Mama Mallye mnofu wa samaki akauweka juu ya wali wake, jambo ambalo mwanamke hamfanyii mgeni asiyempenda. Aliuliza habari za mavuno. Alisikitika kusikia mume wa mwenzake alifariki mapema kama wake.

Kisha macho yake yakatua begani kwa Mama Mallye. Akasogea.

"Samahani, hebu nione. Mshono huu..." Aliupapasa kwa kidole, kutoka begani mpaka kwapani, kisha akaupapasa ukosi mweupe. "Mimi nimevaa hanbok miaka hamsini. Sijaona pindo jembamba hivi. Umeshonewa wapi, mama? Nani mwenye mkono huu?"

Uso wa Mama Mallye uling'aa. Mallye aliliona jibu likipanda kifuani mwa mama yake, likafika kooni, likafika mdomoni. Kwa miaka saba mama huyu hakuwa na fahari nyingine duniani. Kisha akakumbuka alichoagizwa. Ule mng'ao ukazimika, akainamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa na kitu cha wizi.

"Nimeinunua tu sokoni," alisema. "Ni nguo ya sokoni, mama, haina maana."

Mallye alikuwa ameishona nguo ile kwa majuma matatu, saa za chakula, kwenye mising yake. Lakini si hilo lililomchoma. Lililomchoma ni kwamba mama yake, ambaye hakuwahi kumdanganya mtu hata bei ya yai, alikuwa ameketi pale akimkana mtoto wake kwa sababu mtoto mwenyewe alimwomba.

"Nimeishona mimi," Mallye alisema.

"Mallye," Inseop alinong'ona.

"Nimeishona mimi, mama, kwa mising. Sisomi chuo chochote. Mimi ni fundi wa mising sokoni mwaka wa saba sasa. Nisamehe kwa kukudanganya."

Bi Yun aliweka kijiko chini polepole. Hakupaza sauti. Watu wengine, bora wangepiga kelele.

"Nilipokuwa na miaka kumi na miwili," alisema, "niliomba maji darasani kwa lugha ya mama yangu. Mwalimu alinichapa viganja vyote viwili mbele ya wenzangu, kwa sababu Wajapani walitutawala, na tulitakiwa kusema Kijapani tu. Nilipokuja kuwa mwalimu mimi mwenyewe, miaka thelathini nimeyatoa midomoni mwa watoto maneno waliyotuachia, moja baada ya jingine. Sikuchukii, binti. Mkono wako ni wa ajabu. Lakini sikutarajia mke wa mwanangu wa pekee atoke kwenye karakana, na sikutarajia neno kama hilo lisemwe mezani kwangu, tena kwa kunidanganya kwanza."

"Una haki ya kukasirika kwa uongo, mama, na kazi yangu siwezi kuibadilisha hapa mezani," Mallye alisema. "Lakini neno lenyewe si la waliokuchapa. Lilipita kwao tu. Linatoka mbali zaidi, kwa Waingereza, na lilipofika hapa likawa letu, wasichana wote wa ghorofani tumelishika miaka yote hii. Si maneno yangu. Inseop ndiye aliyenifundisha."

Akamgeukia. Mama Mallye akamgeukia. Bi Yun naye akamgeukia mwanawe, na Mallye ataapa mpaka leo kwamba macho ya mama yule yalikuwa yanauliza kwa dhati, kama mwalimu anayetaka kujua. Mlango ulikuwa wazi. Palihitajika sentensi moja kutoka kwa mtu pekee mezani aliyeijua habari yote.

Inseop alilegeza tai. Akaangalia bakuli lake la wali.

"Neno sahihi," alisema taratibu, "ni jaebongteul."

Hakuna aliyekula tena. Mallye alisikia maji ya moto yakichemka jikoni, na mhudumu akicheka na mtu ukumbini. Alisimama, akainama mbele ya Bi Yun kwa heshima zote, akamshika mama yake mkono.

"Viatu vyangu viko wapi, mwanangu?" mama aliuliza mlangoni kwa sauti ndogo. Vilikuwa miguuni pake. Alikuwa amevivaa bila kujua.

Treni ya kusini ilikuwa ya saa kumi alasiri. Njiani kwenda stesheni mama alisema, "Nilikuambia nimeufunga mdomo. Nilijitahidi."

"Ulijitahidi sana, mama. Kosa ni langu."

"Yule mama si mbaya."

"Si mbaya."

"Na kijana?"

Mallye alikwenda kwenye dirisha la tiketi. Alimkatia tiketi, akajikatia na ya kuingia jukwaani, akambebea furushi ambalo sasa lilikuwa tupu na jepesi. Upepo wa Novemba ulikuwa mkali. Walikuwa wamesimama karibu na mlango wa behewa pale Inseop alipotokea anakimbia, koti wazi, tai haipo.

Hakumwangalia Mallye kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mallye, akapiga magoti kwenye sakafu ya jukwaa, akainama mpaka paji la uso likagusa chini, mbele ya askari waliokuwa likizo na wachuuzi wa mayai ya kuchemsha.

"Mama, nisamehe. Nimekudhalilisha. Nimekufanya umkane mwanao. Sitasahau maisha yangu yote."

Mama Mallye aliruka kumwinua. "Inuka, mwanangu, inuka, utaharibu suruali! Nimekusamehe zamani. Jamani, inuka."

Aliinuka analia. Analia kweli, si kwa kujionyesha, na moyo wa Mallye uliokuwa umekauka tangu saa saba ulilowa kwa mara moja. Alitoa kitambaa akampangusa vumbi kwenye paji la uso. Hakuweza kujizuia. Angekuwa mtu mwingine angemwambia aende zake, lakini huyu alikuwa Inseop, aliyeandika majibu yake.

"Pale mezani niliogopa," Inseop alisema. "Nimemwogopa mama yangu tangu utotoni. Lakini mlipoondoka nimezungumza naye, Mallye. Nimezungumza naye saa mbili nzima."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba bila wewe siishi. Na amekubali! Amekubali, Mallye. Anasema mkono wako hajawahi kuuona mfano wake. Anasema mama yako ni mtu wa heshima. Harusi iwe majira ya machipuko."

Mama Mallye alijishika kifua. "Mungu wangu."

Mallye naye akasogea karibu. Alimshika Inseop mkono wa koti. Kwa muda mfupi, mfupi sana, kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake.

"Ana sharti moja dogo tu," Inseop aliendelea, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Uache karakana kabla ya mwaka mpya. Nyumbani kusiwe na cherehani. Na kwa ndugu zetu, kwa wageni wa harusi, tubaki na ile habari ya chuo. Anasema ni kwa faida yako, wasikuseme. Wewe hutahitaji kusema uongo wowote, tutasema sisi. Wewe utanyamaza tu."

"Na mama yangu atakapokuja harusini?"

"Naye atanyamaza tu. Kama leo."

Kipenga cha kwanza kilipigwa. Mchuuzi wa mayai akapita katikati yao, akaomba radhi.

"Na wewe ulipolisikia hilo sharti," Mallye aliuliza, "ulimjibu nini?"

Inseop alimtazama kana kwamba swali lenyewe lilikuwa geni.

"Nilimshukuru," alisema.

Mallye alimwangalia yule mwanamume kwa makini. Aliangalia masikio yake yaliyokuwa mekundu kwa baridi, kidevu chake alichonyoa vibaya kwa haraka ya asubuhi, macho yake yaliyovimba kwa kilio cha kweli. Alimpenda. Haikuwa imepungua hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha, kwamba mtu anaweza kumpenda mwenzake hivi na bado akaona wazi kabisa miaka arobaini ya kunyamaza inavyomsubiri.

"Koti lako liko wazi, utapata mafua," alisema, akamfunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini. Inseop alisimama ametulia kama mtoto anayevishwa. "Ngoja nimpandishe mama. Miguu inamuuma."

"Mpandishe. Nakusubiri hapa."

Alimpandisha mama yake, akamtafutia kiti cha dirishani, akaweka furushi juu. Kisha akaketi kando yake.

"Mallye, kipenga cha pili hicho. Shuka."

"Nitashuka kituo kijacho, Yeongdeungpo, mama. Nitarudi kwa basi."

"Tiketi huna."

"Nitalipa humu humu."

Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza amtazame. "Mwanangu, mimi nitanyamaza. Unasikia? Harusini, popote pale, kwangu si kitu, mimi mzee. Mtu amenipigia magoti mbele za watu. Mtu wa hivyo hupati tena. Shuka, bado yuko pale."

"Najua hupati tena."

"Basi shuka!"

Mallye alitazama nje kupitia kioo. Inseop alikuwa pale pale alipomwacha, koti limefungwa mpaka shingoni, akiangalia mlango wa behewa ambao Mallye angetokea. Alikuwa akipiga miguu chini kwa baridi. Hakuwa na wasiwasi wowote. Tangu wafahamiane Mallye hakuwahi kumwambia hapana, na hivyo hakujua inafananaje.

Treni ilitikisika. Jukwaa likaanza kurudi nyuma polepole, pamoja na wachuuzi na askari na mizigo. Mama Mallye aliificha sura kwenye bega la bintiye, lakini Mallye alijilazimisha kuangalia mpaka mwisho, kwa kuwa mwanamume yule alimdai angalau hilo. Inseop bado alikuwa ameukazia macho ule mlango, na bado alikuwa anatabasamu.